Akiba Iozayo: Habari za Magazeti Yaliyokaa Majumbani

Akiba haiozi, walinena wahenga, na walinena kweli kwa mali waliyoijua wao: fedha, dhahabu, karafuu kavu iliyofungwa guniani, na neno jema lililowekwa kifuani. Gazeti hawakuwa nalo. Gazeti ni akiba ya namna nyingine: hugeuka rangi machoni pa aliyeliweka, huliwa na nondo, hupukutika likikunjuliwa, na siku mwenyewe anapolihitaji humpa vumbi mkononi. Hata hivyo hapana nyumba ya msomaji katika visiwa vyetu isiyokuwa na fungu lake la magazeti, ama katika kidaka, ama chini ya kitanda, ama darini. Makala haya ni ya mafungu hayo: yalikujaje kuwa nasi, yametufaa nini, na ni lipi la kufanya siku nyumba inapoyachoka.

Siku hiyo kwangu ilifika kwa shangazi yangu, bibi wa miaka themanini na ushei. Mjukuu wake alikuwa akirudi Unguja na mume na watoto wawili, na chumba cha juu kilitakiwa. Chumba kile hakikuwa na mtu, lakini hakikuwa kitupu. Marehemu mumewe, aliyekuwa mwalimu wa skuli, alikijaza majarida na vipande vya magazeti alivyovikata kwa mkasi na kuvifunga kwa kamba ya usumba, mafungu kwa mafungu, hadi dirishani. Niliitwa nikasaidie kuvitoa.

"Mwanangu," aliniambia shangazi, "nyumba ni ya watu. Makaratasi haya yamekaa miaka arubaini bila ya kulipa kodi. Sasa yatoke."

"Shangazi, hii ni tarehe ya nchi," nikamjibu.

"Basi ichukue tarehe yako ukalale nayo wewe."

Sikuwa na jawabu, kwa kuwa kwangu mimi pia mna makasha mawili ya namna hiyo ambayo sijayafungua tangu nilipohama Ng'ambo. Nikakaa chini nikafungua fungu la kwanza. Kazi niliyodhani ni ya asubuhi moja ikachukua wiki tatu.

Tuanze na asili ya makaratasi yenyewe. Unguja iliijua mashine ya kuchapa mapema. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliweka mtambo wa chapa mjini, uliotoa vitabu vya dini kwa Kiarabu. Mwaka 1888 wamisionari wa Kiungani walianza kutoa jarida la Kiswahili, *Msimulizi*, lililoandikwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi na walimu wa Kiafrika waliosoma hapo. Upande wa bara, wakati wa Wajerumani, skuli ya serikali ya Tanga ilitoa *Kiongozi* kuanzia 1904. Lakini gazeti lililoingia majumbani na kukaa ni *Mambo Leo*, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923. Lilitoka Dar es Salaam kila mwezi, likavuka bahari, likasomwa Unguja na Pemba, Mombasa na Lamu.

Baada ya hapo milango ilifunguka. *Al-Falaq* lilianza hapa Unguja mwaka 1929. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza *Sahifa* mwaka 1930, karatasi ya kurasa chache aliyoiandika kwa Kiswahili ili maneno yake yawafikie wasiojua Kiarabu, kisha akafuatisha *Al-Islah* mwaka 1932. Nairobi kukazaliwa *Baraza* mwaka 1939. Unguja ikapata *Mwongozi* mwaka 1942, na *Afrika Kwetu* mwishoni mwa miaka ya 1940. Kufikia miaka ya 1950, mtu aliyejua kusoma hakukosa karatasi ya kusoma, na asiyejua hakukosa wa kumsomea. Nakala moja barazani ilitosha wanaume kumi, na jioni iliingia ndani ikatosha wanawake wa nyumba nzima.

Kwa nini basi watu waliyaweka? Wengi wetu hudhani ni mapenzi tu, au tabia ya wazee ya kutotupa kitu. Mimi naona palikuwa na sababu ya kazi, na sababu hiyo ni ushairi.

Mpenzi wa mashairi anajua jinsi malumbano yanavyokwenda. Malenga mmoja hutupa fumbo, mwengine hulifumbua, wa tatu huwakosoa wote wawili kwa mizani na vina, na wa kwanza hurudi kujitetea. Barazani jambo hilo humalizika usiku mmoja. Katika jarida la kila mwezi lilichukua nusu mwaka au zaidi. Shairi liliandikwa Pemba, likapanda chombo, likafika kwa mhariri Dar es Salaam, likangoja nafasi. Na jawabu la mtu wa Tanga likaja miezi miwili baadaye. Aliyetaka kufuata mjadala hakuwa na budi kuweka toleo la kwanza hadi la mwisho lifike. Na aliyetaka kujibu ndiye zaidi: ilimpasa kuwa na vina vya mwenziwe mbele ya macho yake, apate kuvifuata. Kuweka gazeti kulikuwa ni sehemu ya kutunga. Mkasi na kamba ya usumba vilikuwa vyombo vya malenga sawa na kalamu na wino.

Tena kurasa hizo zilikuwa ndizo chuo. Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, pamoja na diwani yake, mwaka 1954. Kabla ya hapo kijana asiyekuwa na mwalimu karibu alijifunza kwa kukata shairi lililomvutia, kuhesabu mizani kwa vidole, na kuliiga hadi akaweza kusimama mwenyewe. Humo ndimo walimopitia watu ambao majina yao leo ni vitabu: Shaaban Robert, Mathias Mnyampala, Saadani Kandoro. Humo pia walipita mamia ambao majina yao hayakupata kuwa vitabu, na wengine hata majina hawakuyaandika, wakatia lakabu tu. Baadaye baadhi ya tungo za *Mambo Leo* zilikusanywa na kutolewa kama vitabu vidogo vya kusomea, na malenga wakubwa wakapata diwani zao. Kilichobaki, nacho ndicho kingi, hakina pengine isipokuwa katika kurasa zile zile zilizokuja na meli.

Hapa ndipo aliye na fungu darini hujiona mlinzi wa hazina, akaapa kuwa hatatoa hata ukurasa. Nami niliapa hivyo siku mbili za mwanzo. Lakini nilipokaa nikajiuliza ni maandishi gani ya kale yametufikia na kwa njia gani, nikaona kuwa historia inamshuhudia mwengine.

Tazama habari ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840. Tungo zake zilibaki vifuani mwa watu. Miaka zaidi ya arubaini baada yake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwenyeji wa mji ule na mjuzi wa lugha, alizikusanya na kuziandika kwa hati za Kiarabu, naye William Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa Mombasa, akazipokea na kuzifanyia kazi. Mwalimu Sikujua alifariki 1890. Diwani ya Muyaka ilichapishwa 1940 kwa mkono wa William Hichens, miaka mia baada ya kufa mtunzi na nusu karne baada ya kufa mkusanyaji. Lau Mwalimu Sikujua angeziandika akazifungia kashani mwake, asimpe mtu, leo tungekuwa na hadithi tu kwamba palikuwa na mshairi hodari Mombasa.

Tazama *Sahifa*. Karatasi kama ile huchukuliwa na upepo. Lakini makala yake yalichaguliwa, yakatolewa kuwa kitabu, *Uwongozi*, mwaka 1944, Sheikh Al-Amin mwenyewe akiwa hai. Anayetaka leo kujua mawazo ya mwanachuoni huyo juu ya elimu, lugha na desturi za Waswahili hufungua kitabu. Hahitaji kuomba ruhusa ya kupanda dari ya mtu.

Tazama tena barua za Shaaban Robert. Alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 hadi 1958. Ndugu yule aliziweka, na katika kuziweka pekee alistahiki shukrani. Lakini hakuishia hapo. Zilitoka mikononi mwake zikahaririwa, na mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ikazichapisha. Leo mwanafunzi asiyekuwa na ndugu wala jamaa katika ukoo ule anazisoma.

Katika habari zote tatu, kilichookoka ni kile kilichotoka nyumbani. Kukaa ndani kulikuwa ni ngojeo tu, na ngojeo likizidi hugeuka kaburi.

Msomaji wa pwani ataniuliza: kilitoka kikaenda wapi? Swali lake ni la haki, wala si la kupitwa juu juu. Makaratasi ya Taylor yako London. Hati za Lamu alizozinakili mkono wa Muhamadi Kijuma, fundi wa hati na wa nakshi aliyefariki 1945, nyingi zilikwenda Uingereza na Ujerumani kwa wanachuoni waliomwagizia. Kwa miaka mingi mtu wa Mvita aliyetaka kumsoma Muyaka katika hati ya asili ilimbidi kupanda ndege. Leo sehemu ya hati hizo imepigwa picha na huonekana kwa intaneti, lakini uchungu haujesha wote. Wazee wengi walishikilia makasha yao kwa sababu hiyo: waliona mgeni akichukua na wasione akirudisha. Jawabu, hata hivyo, halikuwa kufunga kasha. Ni kujua mlango wa kugonga hapa hapa. Unguja ina Nyaraka za Taifa, Kilimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wa hati za Kiswahili alioujenga J. W. T. Allen, na orodha yake ilichapishwa 1970. Makaratasi yaliyomo humo yana namba, na chenye namba huulizwa kikipotea. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na yaliyo darini hupotea kweli, hata asipoingia mwizi. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, haikusafishwa kama ya kitabu kizuri, na ndani yake mna asidi inayoila yenyewe. Mwangaza huifanya ya manjano, joto huiharakisha, na unyevunyevu wa masika humalizia kwa ukungu. Mchwa na mende huja kwa ajili ya gundi na wanga. Hati ya karne ya kumi na nane iliyoandikwa juu ya karatasi ya vitambaa huweza kuwa nzima hali gazeti la 1958 limekuwa unga. Kadiri tunavyosubiri, yaliyo mapya ndiyo yanayotangulia kufa.

Kuna pia upotevu ulioletwa na watu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 magazeti ya vyama yalikoma, ikabaki sauti ya serikali katika *Kweupe*. Karatasi iliyokuwa fahari ya mwenye nyumba mwezi Disemba ikawa mashaka yake mwezi wa pili. Wapo waliochoma uani usiku, wapo waliozika. Shangazi aliniambia kuwa mumewe alichoma pia, kisha akakaa siku mbili hasemi na mtu. Na haya yaliyojaa chumbani yalikuwa, kwa sehemu kubwa, ni juhudi ya kurudisha alichokiunguza. Nilipolijua hilo nilifahamu kwa nini hakuthubutu tena kutupa hata tangazo la baiskeli. Nikafahamu pia kwa nini shangazi, aliyeishi na majuto yale ya mwenzake miaka yote, alitaka yatoke akiwa hai.

Tukaanza kuchambua. Sikuwa na kanuni. Kanuni zilikuja kwa makosa.

Kosa la kwanza lilikuwa kudharau. Niliweka kando, kwa ajili ya kutupa, kila kilichohusu kilimo. Kisha nikakumbuka kuwa *Mkulima*, jarida la kilimo la Unguja, lilihaririwa kuanzia 1958 hadi 1968 na Muhammad Said Abdulla, yule yule aliyetupa Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*. Fundi wa hadithi ya upelelezi wa Kiswahili alikula mshahara wake kwa kuandika habari za miche na mbolea! Anayetaka kuijua lugha yake vyema hana budi kupita na huko shambani. Nikayarudisha yale ya kilimo.

Kosa la pili lilikuwa kutazama upande mmoja. Marehemu alikata mashairi vizuri, akifuata mstari, lakini alipokata aliondoa jina la gazeti na tarehe. Nikabaki na tungo mia mbili na zaidi zisizojulikana zilitoka wapi wala lini. Ndipo nilipogeuza karatasi. Nyuma ya shairi moja palikuwa na nusu ya bei za karafuu. Nyuma ya jengine, ratiba ya meli. Nyuma ya la tatu, kipande cha habari ya uchaguzi. Kwa bei na meli na uchaguzi nikaweza kukisia mwaka. Upande ambao mwenyewe hakuutaka ndio uliotoa ushahidi wa upande alioupenda. Tangu hapo nimewaambia wanangu: mkikata, andikeni jina na tarehe pembeni kwa penseli, hamjui nani atakuja kuuliza.

Kosa la tatu lilikuwa kubwa zaidi, nalo lilisahihishwa na shangazi. Nilikuwa nikichambua kimya kimya, nikidhani kuwa elimu yote imo karatasini. Siku ya nne alipanda ngazi polepole, akaketi juu ya mkeka, akaniomba nimsomee shairi nililoshika. Lilikuwa na lakabu tu. Kabla sijafika ubeti wa tatu akaniwahi, akalimaliza kwa kichwa. Kisha akaniambia aliyelitunga ni nani, aliishi mtaa gani, alikuwa akimjibu nani, na fumbo la ubeti wa pili lilimkusudia mwanamke gani na kwa nini mume wa mwanamke huyo aliacha kuja barazani. Hayo hayamo katika gazeti lolote, Kilimani wala London. Karatasi ile bila yake ni bubu. Naye bila karatasi asingelikumbuka.

Basi tukageuza kazi. Nikaacha kupanga kwa miaka, nikawa nasoma, naye anasema, nami naandika katika daftari kwa namba. Palipokuwa na siri ya watu walio hai, alinyamaza, nami sikumshurutisha. Wiki mbili zilipita hivyo, baina ya alasiri na maghrib.

Mwishoni mafungu yalijigawa yenyewe. Majarida makubwa yaliyotoka kwa maelfu ya nakala, kama *Mambo Leo* na *Baraza*, yamewekwa katika maktaba kubwa, hivyo yale yasiyokuwa na alama ya mkono wa mwenyewe tuliyaacha yaende bila huzuni. Yenye maandiko yake pembeni, masahihisho ya vina, jawabu alilolianza kwa penseli asilimalize, hayo hayana pacha duniani, tukayaweka pamoja. Karatasi ndogo ndogo za visiwani, zilizochapwa chache na kudumu muda mfupi, tukaziandikia orodha ili zipelekwe kwenye nyaraka. Kila kilichoondoka cha maana kilipigwa picha kwanza, na nakala zikawekwa mahali pawili. Tuliona sote tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka, jumba lililosimama tangu 1883: hata nyumba ya Sultani si dhamana ya peke yake.

Yaliyobaki, nayo yalikuwa mengi kuliko yote, alikuja kuyachukua muuza karanga. Nilidhani shangazi atageuza uso. Badala yake alimwita kijana yule akamwambia, "Baba, ukikunja, shairi liweke nje." Kijana akacheka, akaitikia. Nami nikakumbuka kuwa shairi la kwanza nililolisoma maishani mwangu nililisoma kwenye karatasi ya karanga, pwani ya Forodhani, nikiwa mdogo, likiwa na mafuta katikati na ubeti wa mwisho umechanika. Sijui hadi leo liliishaje.

Chumba cha juu sasa kina vitanda viwili na chandarua. Kasha moja tu limebaki, dogo, la mvule, na juu yake limelala daftari lenye maneno ya shangazi. Nakala ya daftari hilo iko kwangu, nyengine iko kwa mjukuu. Makasha yangu mawili nimeyafungua mwezi huu. La kwanza lilikuwa nusu unga.